Mwenza wako akipandikizwa figo: vipimo, dawa na dalili ambazo wewe ndiye utakayeziona kwanza

Figo iliyopandikizwa inapoanza kukataliwa na mwili, mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Anakula, anaongea, anatazama mpira, na wakati huohuo kreatinini, uchafu ambao figo hutakiwa kuuchuja, inapanda kwenye damu yake. Anayelala naye chumba kimoja anajua mambo ambayo daktari hawezi kuyajua: viatu vimeanza kubana lini, kidonge cha usiku kimemezwa saa ngapi, ameamka mara ngapi kwenda kukojoa. Haya tunayoyaandika ni ya mtu huyo. Tumechagua figo kwa sababu hicho ndicho kiungo ambacho familia zetu hukutana nacho zaidi. Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, Kenya hospitali ya Kenyatta na ile ya Moi ya Eldoret zina uzoefu wa miaka mingi, na wapo ambao bado wanasafiri kwenda India. Kliniki yako ikikuelekeza tofauti na tulivyoandika hapa, fuata kliniki.

Anza na daftari

Nunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza andika jina kamili, namba ya faili, kundi la damu, dawa zinazomdhuru, na namba za simu za kliniki na za wodi, kwa sababu kliniki ikifungwa jioni wodi bado iko wazi. Kurasa zinazofuata zigawe kwa mistari: tarehe, uzito, joto, presha, sukari, maji aliyokunywa, mkojo, na saa halisi aliyomeza kila dawa. Nyuma ya daftari weka majibu ya maabara peke yake.

Vifaa ni vichache: kipimajoto cha kidijitali, mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko (zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi), mzani wa kusimamia, jagi lenye alama za mililita, na kiboksi cha dawa chenye vyumba vya siku 7. Uzito upimwe asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Presha apimwe akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, kwenye mkono usio na fistula, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya kusafishia damu. Mkono wa fistula haufungwi mashine ya presha wala hautolewi damu, hata baada ya figo mpya kuanza kazi. Wauguzi wapya hawajui hilo kila wakati, kwa hiyo liseme wewe.

Kwenye majibu ya maabara, andika namba pamoja na kipimo chake. Maabara moja hutoa kreatinini kwa mikromoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na 1 ya miligramu ni sawa na 88.4 za mikromoli. Mtu aliyezoea kuona 124 akipewa 1.4 anaweza kudhani amepona kimuujiza, kumbe ni kiasi kilekile. Tumieni maabara moja kila inapowezekana.

Tena, usitegemee alama nyekundu ya maabara. Tuseme kreatinini ya mumeo imetulia kwenye 85 kwa miezi miwili, kisha leo imekuja 110. Maabara nyingi zitaiandika kuwa ya kawaida kwa mwanamume, lakini imepanda kwa karibu asilimia 30, na kwa figo iliyopandikizwa hiyo ni sababu ya kupiga simu siku hiyohiyo. Namba ya kulinganisha nayo ni ile ya mwenza wako mwenyewe akiwa mzima.

Vipimo vya kabla ya upasuaji

Kundi la damu hupimwa kwanza. Mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote, mwenye A humpa A au AB, mwenye B humpa B au AB. Chanya na hasi hazihusiki kwenye figo, kwa hiyo ndugu wa O chanya asijiondoe kwa sababu mgonjwa ni O hasi. Baada ya hapo huja kulinganisha tishu, halafu kile kipimo kinachoamua: seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake, huchanganywa na chembe za mtoaji maabara ili kuona kama kinga yake tayari ina silaha dhidi ya mtu huyo. Ikizishambulia, mtoaji huyo kwa kawaida huwekwa pembeni.

Hapa wanandoa wanahitaji kujua jambo ambalo huwaumiza wasipoelezwa mapema. Mke aliyemzalia mumewe anaweza kuwa ametengeneza kinga dhidi ya tishu za mumewe, kwa sababu wakati wa ujauzito mwili wake ulikutana na nusu ya vinasaba vya baba. Mume akijitolea kumpa figo, kipimo kinaweza kukataa hata kama makundi ya damu yanaoana. Si dalili ya jambo lolote kuhusu ndoa yenu. Mke kumpa mume huwa hakuna kikwazo hicho.

Kuongezewa damu nako huzalisha kinga za namna hiyo. Mgonjwa anayesafishwa damu akiwa na upungufu wa damu, muulize daktari kama sindano za kuongeza damu na madini ya chuma yanatosha kabla ya kumtundikia chupa. Ikilazimika aongezewe, aongezewe, uhai kwanza. Ila andika tarehe na uijulishe timu ya upandikizaji, kwa sababu kipimo cha mchanganyiko kilichofanyika kabla ya damu hiyo hakifai tena na lazima kirudiwe.

Mtoaji hupimwa kwa kina kuliko wengi wanavyotarajia: figo zote mbili na mishipa yake kwa skani, moyo, sukari, presha ya siku nzima, virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, kifua kikuu, na mkojo wa saa 24. Huu wa mwisho ndio unaoharibika zaidi nyumbani. Ukipangiwa kuanza Jumamosi saa 1 asubuhi, mkojo wa saa hiyo unamwagwa chooni. Kuanzia hapo kila mkojo unaingia kwenye galoni, wa mchana, wa usiku, hata ule wakati wa haja kubwa, mpaka Jumapili saa 1 asubuhi, ambapo anakojoa mara ya mwisho na huo unaingizwa. Galoni likae kwenye friji au kwenye ndoo yenye barafu. Ukiingiza na ule wa kwanza, figo zitaonekana nzuri kuliko zilivyo. Ukisahau hata mmoja, zitaonekana dhaifu, na mtoaji mzuri anaweza kukataliwa bure. Ikitokea hivyo, mwageni na kuanza upya siku nyingine, msikisie. Mwanamke asikusanye akiwa kwenye siku zake.

Kulinganisha tishu kunaweza kufichua kwamba mtoto aliyejitolea kumpa baba figo si wa damu yake. Hutokea, na likitokea kwenye korido ya hospitali linabomoa nyumba wakati mbaya kuliko wote. Kabla ndugu na watoto hawajatolewa damu, muulize daktari faraghani hospitali hiyo inashughulikiaje jibu la namna hiyo, na nani ataambiwa. Vilevile, mtoaji ana haki ya kughairi hadi dakika ya mwisho bila kutoa sababu. Timu nzuri itaiambia familia kwamba hafai kitabibu na kuishia hapo. Wewe kama mke au mume usimsake kwa maswali. Shemeji aliyelazimishwa na kikao cha ukoo ni hatari kwake na kwenu.

Maandalizi ya mgonjwa yanayosahaulika ni meno na chanjo. Jino bovu ni chanzo cha maambukizi mara kinga itakaposhushwa, lishughulikiwe mapema. Chanjo zenye vijidudu hai, kama homa ya manjano na surua, hazitolewi tena baada ya kupandikizwa. Kama safari inahitaji kadi ya njano, chanjo hiyo ijadiliwe na daktari na itolewe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Ya homa ya ini B ianze mapema, kwa sababu inahitaji dozi kadhaa kwa miezi.

Wanaokwenda India wajipange kwa makaratasi kama wanavyojipanga kwa nauli. Sheria yao ya upandikizaji ya 1994 inamtambua mke au mume kuwa ndugu wa karibu, pamoja na wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa, lakini kwa wageni kamati maalumu huhoji na kuhakiki uhusiano, na ubalozi hutakiwa kuuthibitisha. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za miaka tofauti, vyote vibebwe. Kama ndoa yenu ni ya kimila au ya msikitini na haikusajiliwa, nenda RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kabla ya kukata tiketi. Majina yaliyoandikwa tofauti kwenye pasipoti na cheti, hata herufi moja, huchelewesha watu kwa wiki nzima huku wakilipia chumba na kusafishwa damu mara 3 kwa wiki.

Wodini, na pale wewe mwenyewe ndiwe mtoaji

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande wa kulia au kushoto karibu na kinena, na zile za zamani mara nyingi huachwa. Kumbuka mahali hapo, maana maumivu ya figo mpya hayatakuwa mgongoni. Figo nyingine huanza kutoa mkojo mezani, nyingine, hasa zilizokaa muda kabla ya kuunganishwa, hulala siku kadhaa na mgonjwa husafishwa damu kwa muda. Ikitokea hivyo usiwatangazie ndugu kwamba imeshindikana.

Kwenye mrija unaotoa mkojo kwenye figo mpya kwenda kibofuni daktari huacha kimpira kidogo cha ndani ili maungio yapone. Hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6 hivi. Andika tarehe ya kukitoa kwenye jalada la daftari, kwa sababu kikisahaulika ndani huleta maambukizi na mawe, na mgonjwa mwenyewe hakioni wala hakisikii.

Kama figo imetoka kwako, usijipangie kumuuguza. Mtoaji naye ana kidonda, haruhusiwi kuinua zaidi ya kilo 5 hivi kwa wiki 6, na siku za kwanza anahitaji mtu wa kumwinua kitandani. Mtafute mtu wa tatu mapema, dada, kaka, mtoto mkubwa, afundishwe daftari na dawa kabla ya siku ya upasuaji, asije akaanza kujifunza wakati nyote wawili mko kitandani.

Wanaotoka mikoani wapange chumba karibu na hospitali kwa miezi 2 au 3 ya mwanzo. Kliniki mwezi wa kwanza huwa mara 2 au 3 kwa wiki, na basi la usiku lenye abiria wanaokohoa si mahali pa mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa makusudi.

Dawa: saa, damu, na dawa zinazogombana

Wengi hutumia dawa tatu za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo: takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, pamoja na Septrin kwa miezi ya mwanzo ili kuzuia homa ya mapafu na maambukizi mengine. Takrolimasi ndiyo yenye masharti makali zaidi. Ikizidi inaiumiza figo ileile inayoilinda, ikipungua mwili unaamka na kuikataa. Humezwa kila baada ya saa 12. Ikiandikwa 8:00 kwenye karatasi ya hospitali, hiyo ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Andika kwa saa za Kiswahili kwenye boksi lenyewe, kwa sababu mama mkwe au kijana wa kazi atakayemkumbusha siku haupo anaweza kusoma 8 akampa saa 8 mchana. Weka kengele mbili kwenye simu mbili tofauti, yako na yake.

Siku ya kupima kiwango cha dawa, damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, takriban saa 12 baada ya ile ya usiku. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Mgonjwa anameza dawa saa 2 nyumbani kama kawaida, anatolewa damu saa 4, jibu linakuja juu sana kwa sababu dawa ndiyo kwanza imeingia kwenye damu, daktari anapunguza dozi, na wiki mbili baadaye figo inaanza kukataliwa. Siku hiyo beba dozi mfukoni, ameze mara tu sindano inapotoka. Kwenye fomu andikeni saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutoa damu. Kama alikosea na kumeza, semeni kweli, kipimo kipangwe siku nyingine.

Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Kila kliniki ina kanuni yake ya saa ngapi bado anaruhusiwa kumeza, na ya kufanya akitapika baada ya kumeza. Iulizeni siku ya kuruhusiwa na kuiandika. Msibadilishe takrolimasi ya kampuni moja kwa ya nyingine kwa sababu duka limeishiwa, wala ile ya mara mbili kwa siku kwa ile ya mara moja, bila daktari kujua. Zikibadilishwa, kiwango hupimwa upya ndani ya siku chache.

Kwa ukanda wetu, dawa zinazogombana na takrolimasi zinajulikana, na zinauzwa duka la dawa la mtaani bila swali. Flukonazoli ya fangasi, erithromaisini na klarithromaisini hupandisha kiwango chake sana. Rifampisini ya kifua kikuu hukiangusha vibaya, na hivyo hivyo karbamazepini na fenitoini za kifafa. Kifua kikuu kikigundulika kitibiwe, tena haraka, lakini daktari wa kifua na wa figo lazima wazungumze kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu dozi ya takrolimasi italazimika kubadilishwa na kupimwa mara kwa mara. Ibuprofeni na diklofenaki haziingii kabisa, za kumeza wala za sindano. Balungi na maji yake asile wala asinywe. Mitishamba yote, hata ile iliyoletwa na mtu anayempenda kwa dhati, ikae nje ya nyumba. Pokea kwa adabu, shukuru, usimpe.

Jambo moja la pwani: madafu. Ndugu huyaleta kwa mgonjwa kama zawadi ya kwanza, na yana potasiamu nyingi. Takrolimasi na Septrin zote mbili hupandisha potasiamu. Mpaka kliniki iseme damu yake iko salama, asinywe, na ndizi mbivu ziwe kwa kiasi alichoruhusiwa. Maji ya kawaida ndiyo anayoyahitaji, mara nyingi lita 2 hadi 3 kwa siku figo ikishafanya kazi, yaliyochemshwa mpaka yatokote dakika moja na kupoa kwenye chombo chenye kifuniko. Maziwa mabichi, mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, mayai yasiyoiva, mishikaki yenye damu ndani, juisi ya miwa ya barabarani na kachumbari ya kibandani viachwe. Kachumbari ya nyumbani iliyooshwa kwa maji safi ni suala la kuiuliza kliniki baada ya miezi ya mwanzo.

Kuhusu Ramadhani, mwaka wa kwanza madaktari wengi hukataza kabisa kufunga, na baadaye huamua kwa kuangalia kreatinini na ratiba ya dawa. Mke au mume ndiye anayeweza kulisema hili nyumbani mapema, kabla ya mwezi kuandama, ili mgonjwa asione haya mbele ya familia.

Dalili, na namna ya kupiga simu

Piga simu saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi, ukiona lolote kati ya haya: joto la 38 au zaidi, uzito kuongezeka kilo 1 kwa siku au 2 kwa siku tatu, mkojo kupungua hadi nusu ya kawaida yake, maumivu, ugumu au uvimbe juu ya figo mpya, mguu mmoja kuvimba, mkojo wenye mabonge ya damu, pumzi kubana, kutapika kiasi cha kushindwa kuhifadhi dawa, au kuharisha kusikokoma. Kuharisha kunapotosha wengi. Watu hudhani dawa inatoka yote, kumbe kiwango cha takrolimasi mara nyingi hupanda mgonjwa anapoharisha, na papo hapo anapoteza maji, hivyo figo inapigwa mara mbili. Mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida na kichwa kinauma, nayo ni dalili ya dawa kuzidi. Presha, wengi hutakiwa kuwa chini ya 130/80. Uliza kikomo chenu.

Pima joto kabla ya kumpa Panadol. Ukimpa kwanza, homa inashuka, na hospitali wanaona mtu mwenye 36.8 ambaye "alikuwa na joto nyumbani". Malaria ipimwe, ndiyo, ila ikikutwa usiridhike nayo peke yake. Mtu aliyeshushwa kinga anaweza kuwa na malaria na maambukizi ya mkojo kwa pamoja, na hata dawa ya malaria ichaguliwe kwa kushauriana na kliniki.

Kwenye simu, namba kwanza, hofu baadaye. Kwa mfano: "Sista, shikamoo. Napiga kuhusu mume wangu, amepandikizwa figo miezi mitatu iliyopita, faili namba kadhaa. Tangu saa 11 alfajiri ana joto 38.4. Uzito jana 71, leo 72.3. Mkojo wa usiku ni mililita 300, kawaida hufika 900. Kreatinini ya mwisho Jumatatu ilikuwa 98. Dozi ya saa 2 usiku alimeza. Tuje sasa?" Mtu wa zamu akisikia hivyo hawezi kukuambia umpe maji umtazame.

Ikibidi muanzie hospitali ya karibu isiyo ya upandikizaji, sema mlangoni kwamba ana figo ya kupandikizwa, na uombe mambo matatu: kreatinini na picha nzima ya damu zipimwe, mkojo na damu vichukuliwe kwa kuoteshwa vijidudu maabara kabla ya antibiotiki kama hali inaruhusu, na daktari wenu wa figo apigiwe kabla ya kupewa sindano ya diklofenaki au jentamaisini. Usione aibu kuonekana mjuaji. Sindano hizo mbili hutolewa kwa mazoea.

Anapolazwa tena

Kreatinini ikipanda, huanza ultrasaundi ya figo na mishipa yake, kiwango cha dawa na vipimo vya virusi. Mara nyingi huishia kwenye kuchukua kinyama cha figo kwa sindano. Familia hukasirika hapa: kwa nini wasimpe dawa tu? Kwa sababu magonjwa mawili yanayofanana kabisa kwa nje yana tiba zinazopingana. Figo ikikataliwa, kinga inabanwa zaidi, mara nyingi kwa metilprednisoloni ya mshipa kwa siku 3. Ikiwa ni kirusi cha BK kinachokaa kwenye figo, dawa za kubana kinga zinapunguzwa. Akikisia vibaya, daktari ataimaliza figo kwa mkono wake.

Kabla ya kipimo hicho sema dawa zote za kulainisha damu anazotumia, ikiwemo aspirini, maana huenda zikasitishwa siku kadhaa kabla kwa agizo la daktari. Presha lazima iwe imeshuka. Baada yake analala chali saa 4 hadi 6, haketi hata kwa kula. Mkojo kuwa na wekundu kidogo siku ya kwanza ni kawaida; mabonge, mkojo kukata, au maumivu yanayoongezeka si kawaida, mwite muuguzi. Kazi yako ni kila mkojo uutie kwenye chupa tofauti ili rangi ilinganishwe, na kumpa maji kwa mrija akiwa amelala.

Siku za metilprednisoloni, sukari hupanda hata kwa ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Omba ipimwe. Usiku hatalala, atakuwa mkali, ataongea sana au atalia. Prednisoloni ya kila siku nayo, dozi ikiwa kubwa, hufanya hivyo kwa kiwango kidogo, ndiyo maana humezwa asubuhi na chakula. Ukijua kwamba ukali ule unatokana na dawa, hutaujibu kwa ukali. Ukivuka kiasi, akaanza kuona au kusikia visivyokuwepo, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Kati ya mwezi wa kwanza na wa sita ndipo kirusi cha CMV na kifua kikuu hujitokeza zaidi. Uchovu usioeleweka, homa za jioni, kuharisha na chembe nyeupe kushuka vyote viandikwe. Mtoto mchanga wa nyumbani akipewa matone ya polio, mgonjwa asimbadilishe nepi kwa wiki kadhaa, na wote mnawe mikono.

Chumbani

Kidonda kikishapona, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, tendo la ndoa huruhusiwa, na mwanzoni kondomu hupunguza maambukizi ya mkojo. Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi haraka, hata kwa mwanamke ambaye hakuwa akiona siku zake wakati wa kusafishwa damu. Maikofenoleti huharibu mimba na kuumiza mtoto tumboni. Kwa hiyo uzazi wa mpango uanze kabla ya kurudiana, mimba isubiri angalau mwaka mmoja, na dawa hiyo ibadilishwe na daktari wiki 6 au zaidi kabla ya kuanza kujaribu. Mke asiiache mwenyewe.

Fedha

Michango hujaa kabla ya upasuaji na hukauka baada yake, wakati dawa ni za maisha yote. Kamati ya WhatsApp ikikaa, omba mwekahazina mmoja, na sehemu ya fedha ifungiwe kwa ajili ya dawa na vipimo vya mwaka wa kwanza, isiguswe kwa nauli za wageni wala mapishi ya kumpokea. Kabla ya kusaini upasuaji, uliza bima yenu kwa maandishi: inalipia takrolimasi? Kipimo cha kiwango chake? Kulazwa tena? Nyumbani kuwe na akiba ya dawa ya wiki 2 hadi 4 daima. Zikibaki za siku 10, hilo ni jambo la kwenda duka leo.

Figo ikishindwa

Wakati mwingine kila kitu kimefuatwa na bado figo inashindwa. Mgonjwa hurudi kusafishwa damu, na anaweza kupandikizwa tena. Usimruhusu aache dawa za kinga siku hiyo kwa hasira. Zikisitishwa ghafla figo iliyomo inaweza kuvimba, kuuma na kutoa damu, na mwili unaweza kutengeneza kinga zitakazomkwamisha mtoaji wa pili. Hupunguzwa taratibu kwa ratiba ya daktari. Kama figo hiyo ilikuwa yako, wewe nawe uonwe na daktari kama mtoaji, upimwe kreatinini, presha na mkojo kila mwaka, na uombe kuonana na mshauri nasaha wa hospitali, peke yako kwanza, kisha wawili. Fistula yake iangaliwe kama bado inatetema ukiigusa kwa kidole, kwa sababu huenda ikahitajika wiki hiyohiyo.